Oreste Barduzzi na Jani la Mwanawe

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mpendwa wetu Oreste Barduzzi, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1889 katika kijiji cha Torano, juu ya mji wa Carrara, Italia, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Alceste, mkata marumaru, na mama Zelinda.

Alisoma kijijini hadi mwaka 1899, kisha akajifunza kuchora katika shule ya jioni mjini Carrara, na tarehe 2 Aprili 1907 alishuka melini New York, akapanda treni hadi hapa Barre, Vermont, alikochonga mawe ya makaburi kwa miaka ishirini na mitatu, na malaika wengi wa makaburi yetu ni kazi ya mkono wake.

Majira ya baridi karakana ilifungwa milango ili joto lisitoke, vumbi la mawe nalo likabaki ndani, na kila marehemu alipofungua, wenzake walimpigia kelele, "Oreste, bwana, funga, hatukuvuka bahari kuja kuganda," naye akacheka, akafunga.

Tarehe 22 Juni 1912 alimwoa Argia Vannelli, wakajaliwa Delmo, mwaka 1913, na Ines, mwaka 1916. Delmo alipozaliwa, Argia alisema, "Nguo zako nitazifua mpaka nife, Baba Delmo, lakini za mwanangu zikirudi na vumbi hilo, sizifui," na marehemu akaapa kwamba mwanawe hatashika patasi.

Kwa hiyo, Septemba 1929, Delmo alipomletea jani la mzabibu alilolichonga kwa jiwe kwa siri, marehemu aliligeuza mara mbili, akasema, "Mkono wako mzito, mwanangu, rudi kwenye vitabu," naye Delmo akarudi, akiwa na uchungu mkubwa, na sasa anasomea ualimu.

Novemba 1930 kifua, kwa vumbi lile la mawe, kilimlaza marehemu hospitalini, akafariki tarehe 9 Februari 1932, saa nne asubuhi, na wauguzi walipokunja shuka walilikuta jani lile chini ya mto, limefungwa kwenye leso, kingo zake zimeng'aa kwa kushikwashikwa. Argia alimwambia mwanawe, "Jioni ile ulipomletea jani hakula, alisema unachonga kumshinda yeye."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta supu na kuni, na wachongaji wenzake, walioahidi kwamba Aprili, ardhi iliyoganda kwa baridi itakapoyeyuka na kaburi kuchimbika, watalichonga jiwe lake nje, uwanjani, na juu yake wataliweka jani la Delmo.

Pumzika kwa amani, Oreste, milango tumeiacha wazi.