Herufi za Kadi ya Harusi

Pijo ya abiria tuliyopanda kwenda Bungoma ilikuwa imetoka Kitale tu wakati Khaemba, kama dereva alivyomwita, alipofungua bahasha mapajani. Ndani mlikuwa na programu za mazishi ya mamake. Sabiha, aliyeketi kando yake, anayepaka maharusi hina, na aliyekuwa ametuambia hayo bila kuulizwa, akainama kutazama jina la marehemu. Herufi zilikuwa nyembamba, zimeinama na kushikana mikia.

"Subhanallah," akasema polepole. "Huyu aliandika na kalamu gani?"

"Ni kompyuta, mama. Walinichapia pale saiba."

"Mimi nimechora mikono tangu usichana na sijawahi kuvuta mstari kama huu. Lakini si haya ni maandishi ya kadi ya harusi?"

"Ndiyo."

"Sasa wazee watasoma aje? Na watu si watasema?"

"Hata pasta amesema. Ati nirudi waweke herufi za kawaida." Khaemba alipapasa jina kwa kidole. "Mama alikaa na baba maisha yote bila harusi ya kanisa. Alipikia za wengine. Kadi zao alikuwa anazipanga kwa kabati, mbele ya vikombe vya wageni. Yake haikuandikwa."

Mimi nilikuwa na maoni yangu kuhusu macho ya wazee. Badala ya kuyatoa, nikanyoosha shingo nisome jina lile tena.

Tuliposimama Misikhu, Khaemba akaanza kushuka. Sabiha alipangusa vidole kwa leso, kisha akanyoosha mkono kuelekea bahasha.

"Bado nasema wazee hawatasoma," akamwambia. "Lakini nipatie na mimi kadi yangu."