Pale Kwa Kona ya Juu

Kando ya gereji ya Mulongo, Kayole, kuna benchi la mbao linalokaliwa na wasemao zaidi ya wanayoyajua, na jioni za Jumapili Abukar hufika hapo na birika lake la kahawa ya tangawizi, akamimina bila kuuliza nani anataka. Jumapili hii Mulongo alikaa mwisho wa benchi. Wiki nzima alikuwa akimeza maneno. Yeye ndiye aliyeifungua injini ya nduthi, pikipiki ya mbio ya rafiki yake Nuradin, akaisafisha na kuifunga upya. Halafu Nuradin akarudi kutoka uwanja wa mbio na kutangaza, wateja wakisikia, kwamba injini imelala, haina nguvu tena. Simu yake imesema hivyo.

Simu hiyo ilikuwa na apu ya kupima kila mzunguko wa uwanja. Mzunguko mmoja ilimpa mbio za ajabu; uliofuata ikamwonyesha mzito kama mkokoteni wa maji. Kwenye ramani, mstari wa nduthi ulipita juu ya nyasi na kukata jukwaa la watazamaji. Nuradin hakujali mstari. Aliangalia nambari tu, na siku zilizofuata akaanza kuulizia fundi mwingine huko Industrial Area. Habari hiyo Mulongo aliipata kwa watu.

Base, yaani kundi la benchi, ilikuwa na maoni yake. Shitanda, ambaye wote walimwita Hansard kwa vile aliongea kana kwamba kuna mtu anaandika, alitaka kwanza kujua simu ilikuwa wapi.

— Mfukoni, ndani ya jaketi, Nuradin akasema kutoka upande wa pili wa benchi.

— Basi ndiyo hiyo. Mficha uchi hazai. Umeificha simu, itaona juu aje?

Abukar aliona kosa liko kwa setilaiti zenyewe: Jumapili kila mtu yuko barabarani, zitamfuata nani na kumwacha nani? Hansard akamkatiza. Alisema simu za Eastlands zimeharibiwa na magorofa ya mtaa wa Pipeline. Simu imezoea kubahatisha njia katikati ya kuta. Ukiipeleka mahali peupe inashangaa, kama kuku aliyefunguliwa kikapuni sokoni. Abukar akaongeza mwezi. Mwezi ukiwa mchanga, alisema, hata redio ya mama yake ilikuwa inapoteza stesheni.

Nuradin aliwaacha wamalize, kisha akatoa mfukoni kidude cheusi, kidogo kama kiberiti. Alikuwa amekiazima kwa mwenzake wa mbio. Akaeleza polepole kwamba simu yake huiuliza anga mara moja tu kila sekunde, na ukiwa kasi, ndani ya sekunde hiyo nduthi imeshapita urefu wa gorofa nzima. Hapo katikati apu inakisia. Kidude hiki huuliza mara nyingi ndani ya sekunde hiyo hiyo. Leo alikibandika juu ya mkia wa nduthi, kikiangalia mbingu wazi, akakiunganisha na simu kwa bluetooth, na kuiambia apu isikilize kidude, iache kusikiliza simu.

— Sijafungua bado, akasema. Nilitaka tuangalie sote.

Mulongo alisogea karibu. Simu aliweza kuipuuza. Kidude kikisema injini imelala, basi ni mikono yake.

Nuradin akafungua. Mstari ulikaa juu ya lami, safi, kila mzunguko ukifuata uliotangulia. Kwenye sehemu iliyonyooka nduthi ilikimbia kuliko siku zote kabla ya injini kufunguliwa. Injini haikuwa imelala. Hansard alimpiga Mulongo begani.

Lakini mstari ulibadilika rangi. Ulikuwa kijani, kisha mahali pamoja ukawa mwekundu, rangi ya mwendo uliopungua, na ulikuwa mwekundu hapo hapo kila mzunguko. Ilikuwa kona ya juu, karibu na mwisho. Nuradin alikuwa akifunga mafuta na kupunguza mwendo mapema sana, kona ikiwa bado mbali.

Mulongo aliijua kona hiyo. Mwaka jana alikimbia kupitia nyasi zake, akainua nduthi kutoka juu ya mguu wa Nuradin. Mguu ulipona, Nuradin akarudi mbioni, na kati yao hakuna aliyewahi kuigusia siku ile.

Hansard alisema hapo pana mlima. Abukar akasema pengine kuna mafuta yaliyomwagika, haraka haraka haina baraka. Wakaanza kubishana. Teresiah, mama aliyekodi kibanda cha jirani wiki hiyo na aliyekuja kununua kahawa tu, aliinama akaangalia kioo cha simu.

— Samahani. Hapo kwa kona kuna nini?

Kidole cha Nuradin kilibaki juu ya ile rangi nyekundu. Mulongo angeweza kujibu kwa neno moja na kujisafisha jina mbele ya wote walioambiwa kazi yake ni mbovu. Neno lilikuwa tayari. Alipoutazama uso wa rafiki yake, likamtoka lingine.

— Ni breki, akasema. Nitaziangalia kesho.

Nuradin alitikisa kichwa.

— Breki ziko sawa, Mulongo. Injini iko sawa. Ni mimi. Nikifika hapo mkono unafunga mafuta wenyewe. Naogopa.

Hakuna aliyecheka. Teresiah alipokea kikombe chake, akakaa ukingoni mwa benchi badala ya kuondoka nacho. Nuradin alisema kwa sauti ya chini kwamba alikosea kumsema vibaya fundi wake mbele za watu, na Mulongo akasema yameisha.

— Jumapili ijayo nakuja, Mulongo akaongeza. Nitasimama hapo kwa kona.

— Upande gani?

— Ule ulioangukia.

Nuradin akazima simu na kunyoosha kikombe kwa Abukar. Abukar aliinamisha birika. Yakatoka matone machache na vipande vya tangawizi.