Chuma cha Ami Stambuli

Mwaka ule wa themanini na sita, alasiri za Malindi zilikuwa nzito kama usingizi wa homa, na barazani kwa muuza kahawa watu walizungumza kama waliokwisha kufumba macho. Ami yangu Stambuli alikaa mwisho wa benchi, magongo mapajani. Nyonga ya chuma aliyotiwa zamani ilikuwa imelegea; daktari wa Mombasa akaitoa, akamtia nyingine. Aliambiwa aanze kuikanyagia. Hakuikanyagia. Chuma kuukuu kilikuwa pale kando yake, kimefungwa kwenye leso ya mkewe, Shekha. Mfupa wake wenyewe, uliokatwa mara ya kwanza, tuliuzika Mambrui, ubavuni mwa kaburi la nyanya, kama kinavyostahiki kiungo cha mtu.

— Na hiki tukizike, alisema ami. Nakiota kila nikilala. Kinatangulia njiani, mimi nabaki nyuma nakiita.

Spana, fundi wa magari, alikipima kwa kiganja.

— Gia haizikwi, Bwana Stambuli.

— Gia yako imewahi kusujudu? alidakia Redio, mwenye habari zote kabla hazijatokea. Hiki kimefunga Ramadhani saba.

— Na daku kilikula?

— Cheka tu! Siku ya kufufuliwa mfupa utakuja, chuma hiki kitakuja, na kile cha ndani kitakuja. Watatu mlangoni, nafasi moja!

— Basi kitupwe baharini.

— Kitatembea chini kwa chini mpaka Kilifi.

— Kilifi kuna nini?

— Si ndiko alikooa? Njia kinaijua.

Ami hakucheka.

— Nikikanyagia hiki kipya, alisema polepole, cha zamani kitanisusa. Na kipya hakinijui.

Hapo akafika Gona wa Vitengeni, aliyelala naye wodini, kitanda cha pili. Alikuja kumjulia hali. Akapewa kikombe, akaelezwa yote, akaitazama leso kwa muda.

— Huyu mnamuaga vizuri, alisema. Yule mgeni, nani amemkaribisha?

Spana akachungulia kikombe chake. Muuza kahawa akainamisha dele. Likatoa tone, na jingine, basi.

Ami alinishika bega, akainuka. Akaushusha mguu kidogo kidogo, kama aingiaye maji asiyoyajua kina, mpaka uzito ukafika chini.

— Karibu, aliiambia nyonga yake. Karibu nyumbani.