Kushoto, Binti wa Mshonaji

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya dada yetu mkubwa, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika chumba cha nyuma ya duka la ushonaji la baba yetu, yeye na pacha wake, wakifanana kama shilingi kwa ya pili, hata baba akashindwa kuwatofautisha mpaka walipoanza kushika mkasi, huyu kwa mkono wa kushoto, mwenzake kwa wa kulia, basi wakaitwa Kushoto na Kulia.

Walianza shule pamoja Januari 1965, lakini tarehe 2 Juni 1967 Kulia alifariki kwa homa ya uti wa mgongo, na asubuhi moja baada ya maziko, Kushoto akichana nywele mbele ya kioo kirefu cha wateja, mama alisimama nyuma yake, akaona kiooni mtoto anayechana kwa mkono wa kulia, akamwita Kulia, na tangu siku hiyo aliongea na binti yake kupitia kioo tu, usoni hakumtazama tena. Jambo hilo lilimuuma dada maisha yake yote, tusifichane.

Alisomea fizikia, akapata shahada ya uzamivu Novemba 1987, akafundisha chuo kikuu hadi alipostaafu 2020. Mliouliza alikuwa akifanya nini huko, alituelezea hivi, kwamba ndani ya fuwele fulani elektroni ni za kushoto na za kulia, kama mkono na sura yake kiooni, na ungetegemea kila upande ubaki na idadi yake, ila sumaku na umeme vikielekezwa njia moja, za kulia hupungua, za kushoto huongezeka kwa kiasi hicho hicho, na umeme hupita kwa wepesi wa ajabu. Hakuna iliyopotea, alisema, imevuka tu. Sisi tuliitikia kwa vichwa kama tumeelewa.

Mwaka 2014 alifuta mwenyewe matokeo yake yaliyosifiwa, baada ya kugundua nyaya zilibandikwa katikati tu ya fuwele, umeme ukajikusanya hapo ukamdanganya, akalia kama aliyefiwa upya, kisha akaanza tena, na 2016 akauona uvukaji wa kweli.

Tarehe 21 Desemba 1985 alifunga ndoa na fundi wa mitambo ya kupozea, aliyekuja maabara kutengeneza pampu akawa haishi kurudi kuikagua, wakapata binti na mwana, katika nyumba isiyo na kioo hata kimoja, shemeji akinyoa ndevu kwa kupapasa, ndiyo maana ya zile plasta shavuni.

Tarehe 11 Februari 2023 kiharusi kilimpoozesha upande wa kushoto. Tarehe 30 Aprili mama aliletwa wodini, akamkuta akichana nywele kwa mkono wa kulia, akamshika mashavu, akamtazama usoni, akamwita Kulia, muuguzi akataka kumsahihisha, dada akamzuia kwa jicho, akaitika abee mama, wakatazamana mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Kesho yake dada alifariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa chuo waliozima sumaku leo ili waje. Mama yuko mstari wa mbele, anasema anamzika Kulia, na ametuomba tumwekee Kushoto kiti, amechelewa kazini, hivyo mtakaompa pole msikikalie.

Pumzikeni kwa amani, nyote wawili.