Kibakuli Kilichojaa

Basi dogo liliondoka sokoni Bishkek, na Bibi Anarkul, aliyeteremka kutoka Naryn milimani alfajiri, alikuwa bado amefura kwa hasira. Akamgeukia mwanamke aliyekaa kando yake, asiyemjua hata kwa jina.

"Mwanangu, kitendawili."

"Tega."

"Kikipungua chanikaribisha, kikijaa chanifukuza."

"Kibakuli cha chai, bibi. Kikijazwa, mgeni anaambiwa aage. Nani asiyejua?"

"Yule msichana wa mkahawani hajui! Nimeketi, tambi zangu zafuka moshi, mara ananijazia chai hadi ukingoni kama anamwagilia bustani! Nikainuka, nikaziacha. Sijatia kitu kinywani tangu jana, lakini mimi sifukuzwi nikabaki natafuna!"

"Bibi nawe! Mimi mwenyewe mhudumu, kule karibu na stesheni. Meza kumi na tano, miguu miwili. Tunajaza ili mgeni asituite kila mara."

"Kuitwa ndiyo heshima yenyewe! Unamtilia kidogo, unarudi, unamwuliza habari za watoto."

"Habari za watoto, na watu wamepanga foleni mlangoni!" Mwanamke alicheka, lakini tumbo la bibi likanguruma, wakalisikia wote wawili. Kicheko kikakatika. Mwanamke akatoa kapuni mkate, chupa ya chai na kibakuli, akamimina mafunda mawili tu.

Bibi akachungulia ndani kwanza. Kisha akanywa, akakirudisha. "Ongeza."

"Mwisho wa gari! Shukeni nyote, upesi!" dereva akapaza sauti.

"Haya," bibi akafoka, akimega mkate bila kuinuka, "na huyu naye kanijazia."