Pamba Ndani ya Chuma

Bismillahi. Zulfa, binti yangu, niongezee mto mgongoni, kisha fungua dirisha la uani mpaka mwisho, nataka kukiona kibanda. Shaabani, wewe mkubwa kaa hapa mkono wangu wa kulia. Tofiki, ingia ndani, usisimame mlangoni kama mpita njia aliyekuja kuomba maji. Umetoka Kisiwa cha Bwejuu kwa ajili ya sauti yangu, basi sogea uisikie, maana haifiki mbali tena. Shaabani, usinyanyuke. Nimesema kaa. Najua umeapa kutokaa chumba kimoja na mdogo wako, lakini leo amri ya nyumba hii bado ni yangu, na kesho Mungu ndiye ajuaye. Na wewe Ussi, jirani yangu mchomea vyuma, chukua kiti hicho, kwa kuwa si mrithi wangu nimekuita uwe shahidi, na lipo neno lako pia.

Mimi Mfaume, fundi wa vyombo vya baharini wa hapa Bweni, nayasema haya nikiwa na akili zangu timamu, ingawa kifua kimeniisha. Mali yangu mnaijua, haitachosha mtu kuigawa. Nyumba hii, minazi ya upande wa mnara wa taa, mbuzi, tezo na keke na patasi zangu, vyote vigawanywe kwa sheria ya Mwenyezi Mungu, kila mmoja fungu lake, na asije mtu akasema baba alininong'oneza kuwa mnazi fulani ni wangu. Sikumnong'oneza mtu. Kimebaki kitu kimoja, nacho ndicho kinachonikatalia kufa tangu juzi: ile pikipiki ya matairi manne iliyomo kibandani, ile mliyoipa jina la Kaa.

Mnakumbuka tulivyoipata? Hifadhi ya bahari ilikuwa imeshawekwa, wageni wameanza kuja kutazama samaki, na mwenye kambi mmoja kule kusini alikuwa na mashine hiyo ya kuwachezesha watu ufukweni, mpaka ikamfia akaitupa nyuma ya choo, chumvi ikaila. Nilimtengenezea mashua yake, naye akanipa hilo gofu badala ya ujira, akicheka. Tukaileta juu ya lori la nazi, mimi na nyinyi wawili, na mama yenu, Mungu amrehemu, alipoiona akauliza kama tumeleta kuni.

Miezi ile, wanangu, sijapata kufurahi vile tena. Injini yake ilikuwa imekwama kama jiwe, tukaitoa, tukaweka ya pikipiki ya Kichina, na Tofiki ndiye aliyekaa siku nne anatafuta namna ya kuifanya cheni ikae sawa. Tangi lilikuwa limetoboka, tukafunga dumu. Matairi hayashiki upepo, tukayajaza makumbi ya nazi mpaka yakawa magumu, watu wakatucheka kijiji kizima, na Kaa akaenda. Wewe Shaabani ulisuka kitanda cha kamba nyuma, ukakiwekea kichwa na ubavu mgonjwa asianguke, ukashona paa kwa kitambaa cha tanga, ukafunga na taa. Hapa kwetu barabara ya masika mnaijua, gari halipiti, na mwanamke akishikwa uchungu ukamgeukia vibaya hana njia ila machela na mabega ya watu. Kaa akawabeba wanawake tisa. Maji ya bahari yakitoka tulishika ufukwe mpaka Kanga, ndipo tukapanda barabara ya Kirongwe hadi Kilindoni. Hata yule bwana wa hifadhi aliyetukuta tunakanyaga mchanga wanamotagia kasa alichungulia kitandani, akaona aliyelala, akatupisha bila neno. Tisa walikwenda, na tisa walirudi na watoto wao.

Wa kumi alikuwa Mashavu, mkeo, Shaabani.

Nipe maji, Zulfa. Kidogo tu.

Sasa nisikilizeni, na asinikatize mtu, maana nikikatizwa sitapata nguvu ya kuanza upya. Fremu ya Kaa ina mabomba mawili ya chuma, la kushoto na la kulia, yanayotoka mbele kwenda nyuma chini ya kiti, na uzito wote wa kitanda umekaa juu yake. Mwezi mmoja kabla ya siku ile niliona ufa. Nyuzi mbili nyembamba, moja kila upande, pale pale tulipotoboa kufunga kitanda. Nikamwonyesha Ussi mmoja tu, wa kushoto. Ussi, sema kama nasema uongo. Uliniambia, "Mzee Mfaume, ngoja, vijiti vya kuchomelea vimeniishia, lakini vinakuja kutoka Kilindoni, na mpaka vije asipande mtu." Mimi nikakucheka. Nikakuambia nimefunga nyufa tangu hujazaliwa, na hakuna chombo nilichokiziba kwa kalafati mimi kikaingiza maji.

Basi nikafanya kazi niliyoijua. Nikachukua pamba, nikaisokota, nikaigongomea ndani ya ufa kwa patasi, kushoto na kulia, nikapaka sifa, yale mafuta ya papa, nikaziba kwa lami, nikapaka rangi ya buluu juu yake. Ikapendeza. Nikapitisha kidole nisiuone ufa, nikajisifu peke yangu pale kibandani kama mpumbavu. Ubao ukitiwa pamba ukaingia majini huvimba ukajifunga wenyewe, hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa na baba yangu, na nikadhani chuma nacho kitanielewa. Chuma hakivimbi, wanangu. Pamba iliyanywa maji ya chumvi kila tulipopita ufukweni, ikayaweka, na chuma kikaoza kutoka ndani huku rangi yangu inang'aa. Vijiti vya Ussi vilifika baada ya wiki mbili. Akanikumbusha. Nikamwambia ufa umeshapona, akaniamini.

Siku ya Mashavu, asubuhi, wewe Shaabani ulikuwa baharini, na Tofiki ndiye aliyeendesha. Bomba la kushoto lilikatika kabla ya kufika Kanga. Kitanda kikalala upande, Mashavu akaanguka na tumbo lake. Tofiki akambeba mgongoni na maji yanajaa, akamfikisha kwa watu, lakini hakufika kwa daktari. Yeye na mtoto wake wamelala hapo makaburini, na kila Ijumaa nimekuwa nikipita mbele yao macho yangu chini.

Mimi nilifika pale ilipovunjika kabla yako, Shaabani. Nikaona bomba limekatika na pamba inaning'inia. Tofiki alikuwa amesharudi, amesimama hapo hapo, amelowa, damu ya shemeji yake imemjaa shati, naye alikuwa anaitazama pamba ile ile. Nikaing'oa nikaitia mfukoni. Wewe ukaja unakimbia ukauliza, "Imevunjikaje?" Na mimi baba yenu nikasema, "Muulize mdogo wako alivyoirusha kwenye jiwe."

Hapakuwa na jiwe, Shaabani.

Hapakuwa na jiwe. Mwanangu, nitazame. Tofiki hakukosa kitu. Aliendesha taratibu kama nilivyomfundisha. Aliona pamba, alinisikia nikisema uongo, akaniangalia mara moja, akainamisha kichwa akanyamaza, kwa sababu mimi ni baba yake. Ukampiga mbele yangu nikanyamaza. Ukasema hutakula naye sinia moja mpaka ufe, nikanyamaza. Akafunga nguo zake akaenda kuishi Bwejuu kwa watu, Idi saba zimepita hajala hapa, na mimi kila Idi nilikuwa nasema kwa sauti, mpate kusikia wote, kwamba kijana akikosa hana budi kuvumilia. Nilikuwa naogopa. Sikuwa na sababu nyingine. Niliogopa utanichukia, na watu wa Bweni watasema fundi Mfaume kaua mkwe wake kwa pamba. Tofiki, sikuombi useme umenisamehe, ukiweza utasema siku nyingine kaburini. Shaabani, nichukie mimi, una haki, lakini ufanye upesi, maana jambo lenyewe sijalimaliza.

Acha kulia, Zulfa. Wewe ndiye ninayekuja kwako.

Mnajua kuwa nesi Albina wa zahanati amesema mtoto wa Zulfa amekaa vibaya, na kwamba asizalie hapa kwa hali yoyote, aende Kilindoni akangoje huko. Mumewe yuko dago, kambi ya wavuvi kule Shungimbili, na Zulfa mwenyewe amekataa kwenda, anasema hamwachi baba yake katika hali hii. Sasa wiki ya tatu mvua hazijakatika, lori la nazi halijaonekana, na siku zake zimefika. Na nyote mnasema, hata wewe Zulfa nimekusikia ukimwambia nesi kwa furaha, kwamba Kaa yupo, baba alimtengeneza upya ulipoolewa. Ni kweli. Injini nimeifungua yote nikaifunga. Kitanda nimekisuka kamba mpya. Bomba la kushoto Ussi alilichomelea mbele ya watu wote, baada ya mimi kulisafisha pamba kwa siri. Ukimtazama Kaa utasema katoka dukani.

Bomba la kulia sijaligusa. Pamba yangu imo humo mpaka sasa.

Mtaniuliza kwa nini. Ningempelekea Ussi bomba la kulia lina ufa pale pale lilipokatika la kushoto, hata mtoto angejua kwamba jiwe halipigi pande mbili. Ndiyo sababu yangu yote, hakuna nyingine. Nilijaribu kulikata mwenyewe, nikashika msumeno mara sijui ngapi, nikaurudisha, nikapaka rangi mkono mwingine. Tabaka tatu za rangi, wanangu! Nilisema nitalifanya kabla Zulfa hajapata mimba. Akapata. Nikasema kabla tumbo halijawa kubwa. Kisha kifua kikaniangusha, na sasa nimelala hapa siwezi kunyanyua hata kijiko, na binti yangu anataka kupanda kitanda kilichomwangusha Mashavu. Namwogopa Mungu, lakini zaidi naliogopa bomba lile. Msimpandishe. Nawaombeni, kwa haki ya maziwa ya mama yenu, asipande mtu juu yake kabla hamjalikata.

Basi nendeni sasa hivi. Sio kesho, sio baada ya mazishi. Tofiki, msumeno wa chuma uko juu ya boriti, na nyembe zake mpya zimefungwa kitambaani. Shaabani, chukua patasi yangu ndogo, ukwangue rangi chini ya kiti upande wa kulia, pale pale penye boliti ya kitanda. Nataka ukwangue wewe, kwa mkono wako, uone kwa macho yako, usije ukasema mzee alikuwa anaweweseka. Ussi, kawashe jenereta, vijiti nilikwisha kuviagiza, vimo chini ya kitanda hiki nilicholalia, pamoja na bomba jipya. Kateni shibiri mbili kila upande wa ufa, tieni hilo bomba jipya mahali pake, msiache hata kipande kilichooza kwa kukionea huruma. Nendeni.

Zulfa, wewe baki. Nishike mkono.

Wanakwangua? Nasikia. Ni Shaabani huyo, hana subira, anakwangua kama anapara samaki.

Wewe nisikilize, uwaambie baadaye. Hicho Kaa si urithi wa mtu. Nimekitoa wakfu katika theluthi ninayoruhusiwa kuusia, kwa ajili ya wanawake wa Bweni watakaozaa, Ussi amesikia jana na ameridhia kukisimamia. Kisiuzwe, kisikodishwe, wala mtu asikipandie kwenda kunadi samaki. Kila kikitoka ufukweni kioshwe kwa maji ya kisima, chini pia, sio juu tu. Na maiti yangu isiwekwe juu yake. Nibebeni begani mnipeleke kwa miguu, nami mnizike mbali na Mashavu, mpaka Shaabani aseme nisogezwe karibu... hapana, maiti haisogezwi. Mbali tu. Inatosha.

Ukipona na mtoto wako, usimpe jina langu.

Kimya. Mbona wamenyamaza? Tazama dirishani, mwanangu, macho yangu hayafiki. Shaabani ameshika nini? Pamba... Nyeusi, ee? Ndiyo hiyo. Na Tofiki? Amesimama tu. Alisimama hivyo hivyo siku ile.

Ya Rabbi, usinichukue katika ukimya huu.

Huo... huo ni msumeno. Unasikia? Tofiki hukata kwa kuvuta, nilimfundisha asisukume. Lakini bomba haliimbi kwa kutetemeka, kuna aliyelishika. Tazama, ni Ussi? Sema tena. Shaabani? Shaabani ndiye aliyelishika... Alhamdulillahi.

Mungu awape... awape kheri nyote, aliyesamehe na asiyesamehe, na awalinde na mikono yangu, maana naona hata nikiwa nimekufa bado... Maji, hapana, sitaki maji. Niinamie, Zulfa, sauti haitoki.

Maji ya bahari yakitoka alfajiri, uende Kilindoni. Hata nikiwa sijazikwa, uende. Na sasa hivi, nikinyamaza... usilie kwa sauti. Uume mdomo. Wakikusikia watatupa msumeno waje huku. Ngoja... ngoja kwanza wamalize kukata.