Sylvesta Alivyobadilisha Maneno Jukwaani

Kijiwe chetu kiko Karatu, kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro. Tangu ghala la vitunguu ligeuzwe ukumbi, hapa siasa na mpira vimepungua. Watu wanabishana kuhusu bendi, wachoraji na maigizo. Jumatatu hiyo mada ilikuwa Sylvesta, fundi wa kuchomelea. Aliitwa kuunga vyuma vya jukwaa, akanogewa, akapewa nafasi ya baba mkali. Jumamosi, ukumbi umejaa, alitakiwa amfukuze binti yake wa kwenye igizo kwa maneno “Toka, usirudi.” Badala yake akasema, “Kaa kwanza, ule.” Igizo likaishia hapo, maana hakuna aliyejua liendelee vipi.

— Kasahau tu, alisema Remigius, fundi magari tunayemwita Difu. Mtu ana miaka hamsini na tano, unampa makaratasi akariri?

— Kusahau wapi! Yule anatafuta kiki, alisema Yohani, dereva wa watalii, jina la kijiweni Big Five. Video imeshafika Arusha. Mwezi ujao utasikia yuko kwenye tamthilia Dar.

— Sylvesta? Na kile kisimu chake cha kitochi?

— Ndo wanavyoanza hao.

Kimaren, aliyeleta mbuzi mjini kutoka Kakesio na kuingia ukumbini Jumamosi ile kwa mara ya kwanza, alitikisa kichwa.

— Mimi naona ni ule moshi wa vyuma. Umempanda kichwani. Hata mbuzi akilala kwenye moshi anapotea njia.

— Kwani mbuzi wako wanaigiza?

— Wangeigiza, wasingekosea.

Big Five akasogea mbele.

— Nisikilizeni, hii naijua mimi. Kuna lodge inataka igizo la kuwapelekea wageni. Sasa mgeni katoka kuangalia tembo, amefurahi, umwonyeshe mtoto anafukuzwa? Fundi kaambiwa alainishe mwisho.

— Kaambiwa na nani?

— Mambo mengine hayasemwi barabarani.

Hyasinta, mwenye kahawa, akatua birika kwa kishindo.

— Mmekaa hapa tangu asubuhi. Laurencia hamtaki kumtaja?

Laurencia ni binti wa Sylvesta, wa kumzaa. Miaka minne iliyopita aliacha chuo cha uuguzi akaimbe na bendi Arusha. Baba yake akamtolea nguo nje, akamwambia maneno yaleyale ya kwenye igizo. Siku hiyo Sylvesta alikuja kunywa kahawa hapa, na sisi tukamsifu. Difu alimwambia, “Huo ndo uanaume.”

— Yale yalikuwa mambo ya nyumbani kwake, alisema Difu polepole.

— Mbona siku ile mliyaingilia? aliuliza Hyasinta.

Kabla hajajibiwa, bodaboda ilisimama. Akashuka mwanamke kijana amejifunga kitenge, uso umejaa vumbi.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Difu alimtambua kwanza, akainamia kikombe.

— Nimeiona video, alisema Laurencia. Nyie mlikuwepo. Baba aliposema vile, alikuwa anamwambia nani?

Dakika tano nyuma kila mtu alikuwa na maelezo yake. Sasa Kimaren alitazama viatu vyake, Big Five akachezea funguo za gari.

— Yuko pale karakana, mwanangu, alisema Hyasinta. Nenda kamuulize mwenyewe.

Akavuka barabara. Tuliona cheche zikikatika. Sylvesta akavua miwani, akabaki ameishika. Walisimama mbali mbali kidogo, wakaongea. Kwetu hapakusikika kitu. Mara Sylvesta akajifuta uso kwa mkono wa shati, akampisha mlangoni, wakaingia wote wawili.

Difu akainuka.

— Unaenda wapi? aliuliza Big Five.

— Na mimi nina la kumwambia yule binti.

Akafika ukingoni mwa lami, akasubiri magari mawili ya watalii yapite. Yakapita. Barabara ikawa tupu kabisa, na Difu bado amesimama palepale.